Berlin kwa Baiskeli: Mji Uliofundishwa Kiswahili

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, na kauli hiyo hutimia kwa uwazi usio kifani katika msafara wa watalii wanaoendesha baiskeli za kukodi. Jumapili moja ya mwezi wa Septemba, chini ya mnara wa televisheni ulioko Alexanderplatz, mjini Berlin, walikusanyika wageni kumi na wawili, kila mmoja ameshikilia baiskeli ya manjano yenye nambari kubwa nyuma ya kiti. Walikuwapo Wahispania na Waaustralia, na wawili wakatoka Afrika Mashariki: mhadhiri wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya, mwanamke wa makamo, na mwenzake wa kiume kutoka Dar es Salaam. Kwa muda wa wiki mbili walikuwa wamejifungia katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho iliyoko Lichterfelde, wakipekua majalada ya serikali ya kikoloni ya Ujerumani. Siku hiyo hifadhi ilikuwa imefungwa. Ndipo Mhadhiri aliposhauri kwamba wautazame mji wenyewe, si karatasi zake tu.

Kiongozi wa msafara alikuwa kijana wa Kijerumani, mwanafunzi wa historia, mwenye sauti ya mwadhini na subira ya mvuvi. Alianza kwa kutoa onyo: breki ya nyuma ya baiskeli hizo haiko mkononi bali miguuni, atakaye kusimama hukanyaga pedali kinyumenyume. Waaustralia walicheka, kisha wakagongana. Mhadhiri hakupata taabu. Alikuwa amelelewa karibu na mpaka wa Busia, ambako usafiri wa bodaboda ulizaliwa juu ya baiskeli kabla ya pikipiki kuunyakua, na utotoni alijifunza kuendesha baiskeli kubwa ya babake kwa kupenyeza mguu chini ya mwamba wa fremu kwa kuwa hakukifikia kiti. Aliyejifunza kwa namna hiyo hatishwi na breki ya Kijerumani. Mwenzake, mtu wa daladala, aliyumba kidogo, akapiga bismillahi, akanyooka.

Yafaa isemwe kwamba baiskeli ni chombo kinachomfaa mno mtu anayetaka kuusoma mji. Basi la watalii humpitisha abiria mbele ya majumba kama apitishwaye mbele ya sinema, na miguu nayo huchoka kabla mtaa wa tatu haujafikiwa. Baiskeli humwezesha mtu kusoma kibao cha mtaa, kusimama pasi na kuomba ruhusa ya dereva, na kurudi nyuma endapo jina fulani limemkera au limemvutia. Isitoshe, Berlin ni mji tambarare, na njia za baiskeli zimetengwa katika barabara zake nyingi.

Msafara ulivuka daraja na kuingia katika Kisiwa cha Makumbusho, kilichotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 1999. Hapo kijana alieleza habari za kasri la wafalme wa Prussia, lililoharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, likabomolewa na serikali ya Ujerumani Mashariki mwaka wa 1950, pakajengwa bunge la kikomunisti, nalo likabomolewa, hatimaye kuta za kasri zikajengwa upya kwa mfano wa zile za kale. Ajabu ya mji huu ni kwamba hubomoa kumbukumbu zake, kisha huzililia, kisha huzijenga tena kwa gharama kubwa.

Kutoka hapo walifuata barabara ya Unter den Linden hadi uwanja wa Bebelplatz. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, katika uwanja huu, wanafunzi waliowaunga mkono Wanazi walichoma vitabu zaidi ya elfu ishirini. Kinachoadhimisha tukio hilo ni kioo kilichotandazwa ardhini. Mtu akiinama huona chumba cheupe chenye rafu tupu. Ni kazi ya msanii Micha Ullman, nayo ilizinduliwa mwaka wa 1995. Wageni waliinama mmoja mmoja. Hapana aliyesema neno. Kwa mtu ambaye riziki yake ni vitabu, rafu tupu ni picha ya kutisha kuliko kaburi.

Ng'ambo ya barabara ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Humboldt, kilichofungua milango yake mwaka wa 1810. Kiongozi aliwataja Hegel, Marx na Einstein kwa fahari inayostahili, kisha akapiga kengele na kuondoka. Msafara ukamfuata, isipokuwa baiskeli mbili.

Hakuwa amemtaja Amur bin Nasur. Hakuwa amemtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari. Wala hapana sababu ya kumlaumu kijana yule, kwa maana hata katika vitabu vingi vya historia ya Kiswahili, Afrika Mashariki kwenyewe, majina hayo hupitiwa mbio kama kituo ambacho basi halisimami. Ilhali mwaka wa 1887, miaka miwili tu baada ya Kaisari kuipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi, chuo kikuu hiki kilianzishiwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo tangu mwanzo. Wanafunzi wake walikuwa maafisa, wafanyabiashara na wamishenari waliojiandaa kwenda kutawala, kununua na kuhubiri. Utaratibu ulikuwa kwamba profesa wa Kijerumani hufundisha sarufi, naye mwenyeji wa lugha, akiwa na cheo cha chini, huwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Carl Büttner ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa Kijerumani. Amur bin Nasur, aliyetoka Unguja, alifundisha pamoja naye kuanzia 1891 hadi 1895. Huyu Amur aliandika habari za Berlin kwa Kiswahili, nazo zimo katika mkusanyiko wa Büttner uliochapishwa mwaka wa 1894. Hivyo basi, kabla ya mtalii yeyote wa leo kukodi baiskeli ya manjano, Mswahili alikwisha kuutazama mji huu na kuueleza kwa lugha yake.

Habari ya Mtoro ni nzito zaidi. Alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akafika Berlin mwaka wa 1900 kufundisha chini ya Carl Velten. Mwaka wa 1903 kilichapishwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho mpaka leo hakuna mtafiti wa utamaduni wa pwani anayeweza kukikwepa. Juu ya jalada lake palikuwa na jina la Velten, ingawa sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ilitoka katika kalamu ya Mtoro. Tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa mwaka wa 1981 ndiyo iliyoliweka jina lake mahali pa mwandishi. Mwaka wa 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kwenda kuishi Afrika Mashariki mwaka uliofuata, wenye mamlaka wa koloni hawakukubali mume mweusi na mke mweupe waishi huko pamoja. Wakalazimika kurejea Ujerumani. Mwalimu aliyewafundisha watawala lugha ya nchi yake hakuruhusiwa kuishi na mkewe katika nchi hiyo. Alifariki Berlin mwaka wa 1927.

"Kaka," Mhadhiri alisema akiwa ameegemea usukani, "hapa ndipo ilipozaliwa taaluma yetu."

"Samahani, Dada, mimi hapo sikubali," alijibu mwenzake. "Watu wa pwani walikuwa wakitunga na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla huyo Büttner hajajua alifu wala be. Hapa palizaliwa mtihani na cheti, si taaluma."

"Na kamusi? Na sarufi tunazozitumia kufundishia?"

"Hizo zilitoka vinywani mwa nani?"

Swali hilo halikupata jibu, kwa kuwa kiongozi alikuwa amerudi kuwatafuta, akidhani wamepata pancha.

Msafara ulipita Gendarmenmarkt haraka, maana viwanja vizuri vina tabia ya kufanana. Hatua chache kutoka hapo walisimama penye mtaa wenye kibao kipya: Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Hadi Agosti 2025 mtaa huo uliitwa kwa neno la kale la dharau lililotumiwa kwa watu weusi. Amo alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, akaletwa Ujerumani utotoni, akawa mwanafalsafa na kufundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena katika karne ya 18. Kijana alieleza kwamba mabishano kuhusu jina hilo yalidumu miaka mingi na kufika mahakamani. Mwanamume mmoja katika msafara alinong'ona kwamba kubadili vibao ni kupoteza fedha. Mwenzake Mhadhiri alimsikia, akatabasamu, akamweleza kwa upole kwamba kaskazini mwa mji huu huu, katika mitaa ya Wedding, barabara iliyowahi kuitwa kwa jina la Carl Peters imegawanywa tangu Agosti 2024, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Huyo Peters ndiye ambaye wazee wa Tanganyika walimpa jina la Mkono wa Damu. "Bwana," aliuliza, "wewe ungependa barua zako ziletwe katika mtaa wa mtu wa namna hiyo?" Yule bwana alicheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi.

Kuhusu kilichokuwa kituo cha ukaguzi cha Checkpoint Charlie hapana mengi ya kusema. Ukuta uliojengwa Agosti 1961 na kufunguliwa Novemba 1989 ulikuwa jambo la kifo na uhai. Leo mahali hapo panauzwa kofia za kijeshi na vipande vya saruji vinavyodaiwa kuwa vya ukuta. Kinachogusa moyo zaidi ni mistari miwili ya mawe iliyozamishwa katika lami kuonyesha ukuta ulipopita. Gurudumu la mbele hugongagonga, la nyuma hufuata, na mtu amekwisha kuvuka mpaka ambao wengine walipigwa risasi wakijaribu kuuvuka.

Hatimaye waliingia Wilhelmstraße. Mbele ya majumba ya makazi yaliyojengwa na Ujerumani Mashariki katika miaka yake ya mwisho, pana bango la maelezo ambalo mpita njia aweza kulidhani tangazo la maji au la umeme. Hapo lilikuwapo jumba la Bismarck, na humo, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 waliketi kujadili Afrika huku ramani kubwa ya bara hilo ikining'inia ukutani. Mwafrika hakuwamo. Kiongozi alisoma sentensi tatu, akatazama saa yake, kisha akawatazama wageni wake wawili. Labda kisa cha chuo kikuu kilikuwa kimemfikirisha. Aliuliza kama mmoja wao angependa kuongeza neno.

Mhadhiri aliteremka katika baiskeli. Aliwaeleza jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza: kwamba picha ya mabwana waliokata Afrika kwa kisu kama keki katika chumba hiki si sahihi kabisa. Mkutano ule ulishughulikia hasa biashara ya bonde la Kongo na usafiri wa mito ya Kongo na Niger, na ukaweka masharti ya kufuatwa na taifa litakalodai pwani mpya ya Afrika. Kukata kwenyewe kulifanywa baadaye, faraghani, wawili wawili. Mstari unaotoka karibu na mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukizunguka Kilimanjaro, ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka wa 1886. Mapatano mengine yalitiwa sahihi mjini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Ujerumani ikaachilia Witu, iliyo karibu na Lamu, na kuitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini.

"Mimi nimezaliwa kaskazini mwa mstari huo," alimaliza, "na ndugu yangu huyu kusini mwake. Waliouchora hawakutuuliza. Lakini tangu asubuhi mmetusikia tukizungumza, na hamkusikia mkalimani."

Mwanamke mmoja wa Kihispania alipiga makofi, kisha akaona haya kwa kuwa wengine hawakupiga.

Baada ya hapo walizikokota baiskeli kando ya nguzo 2,711 za saruji zinazowakumbuka Wayahudi wa Ulaya waliouawa, kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka wa 2005. Mahali hapo maneno hayana kazi. Walipita Lango la Brandenburg, wakapigwa picha kama ilivyo ada, wakaingia katika bustani ya Tiergarten kula chakula cha mchana. Kijana aliwashauri wageni wasiondoke Berlin kabla ya kuutazama mfupa mkubwa kuliko yote mjini: kiunzi cha dinosau chenye kimo cha zaidi ya mita 13, katika makumbusho ya viumbe iliyoko Invalidenstraße.

"Huyo ni jamaa yangu wa Lindi," alisema yule wa Dar es Salaam huku akipakaza haradali juu ya kiazi.

Meza nzima ilidhani ni mzaha, naye ikambidi aeleze. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, katika eneo la Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliichukua kwa vichwa na mabega hadi bandarini. Msimamizi wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua mifupa kwa macho na mikono kuliko wataalamu wengi walioisoma vitabuni. Na ikawa mwaka wa 2007 ndipo spishi mojawapo ya dinosau wa Tendaguru ilipopewa jina la kumkumbuka. Kiongozi alitoa daftari lake dogo akaandika. Aliomba atajiwe jina hilo herufi kwa herufi.

Ziara ilipokwisha saa tisa, kijana aliwaruhusu wakae na baiskeli hadi saa kumi na mbili, duka litakapofungwa. Walijua watakapokwenda. Kutoka Alexanderplatz hadi Rosenthaler Platz si mbali, na hapo ndipo inapoanzia Brunnenstraße. Mbele ya nyumba nambari 193, katikati ya mawe ya kawaida ya njia ya miguu, limo jiwe dogo lenye kipande cha shaba ya manjano, sentimita kumi kwa kumi. Mawe ya namna hiyo, yaliyobuniwa na msanii Gunter Demnig, yametapakaa katika miji mingi ya Ulaya mbele ya nyumba za watu walioteswa na Wanazi. Hili, lililowekwa mwaka wa 2007, ni la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904 na kujulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Babake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1929 alikuja Berlin kudai mshahara ambao yeye na babake hawakulipwa. Hakupewa. Alibaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili katika seminari ile ile ya Amur na Mtoro. Filamu yake ya mwisho ilimtukuza Carl Peters. Ilitolewa mwaka wa 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Walisimama juu ya jiwe hilo muda mrefu. Mhadhiri alisema kwamba mtu huyu anastahili kutajwa katika kila darasa la historia ya Kiswahili, tena jina lake litangulie ya maprofesa. Mwenzake alitikisa kichwa.

"Dada, tumlilie, sawa. Lakini baba yake alivaa sare ya watu waliochoma mashamba ya Wangoni, naye akakubali kuigiza katika sifa za Mkono wa Damu. Nikimweka mbele ya wanafunzi wangu kutoka Songea, niwaambie nini?"

"Uwaambie alikuwa na miaka kumi alipoingizwa jeshini. Na kwamba katika mji huu wa Wanazi hakuwa na kazi nyingi za kuchagua."

"Wapo waliokataa."

"Wapo. Nasi hatuyajui majina yao, kwa sababu hawakuandikiwa jalada. Wewe na mimi tumekaa wiki mbili humo, umeona jalada la aliyekataa?"

Hakujibu upesi. Alitoa leso, akachutama, akaanza kuisugua shaba iliyokuwa imefifia kwa vumbi na mvua, hata herufi zikaanza kung'aa. Ni wazi kwamba hakuwa amekubaliana na mwenzake, na wala kusugua huko hakukuwa ishara ya kusalimu amri. Mtu aweza kulisafisha jina ambalo angali analibishania.

Mama mmoja mzee, mkazi wa nyumba hiyo, alitoka mlangoni na mbwa wake, akasimama. Kwa Kiingereza cha taratibu aliwaambia kwamba hupita juu ya jiwe hilo kila siku na hajawahi kujua jina lile hutamkwaje. Mhadhiri alimtamkia. Mama alijaribu, akakwama penye h na j. Yule wa Dar es Salaam, akiwa bado amechutama na leso mkononi, alimgawia jina hilo silabi kwa silabi, Ma-hi-ju-bu, kwa ulimi wa Kiswahili usiopenda konsonanti mbili zikae pamoja. Walirudia mara tatu, na mara ya nne mama alilitamka peke yake.

Saa ilikuwa imefika kumi na moja na nusu, na baiskeli zilitakiwa dukani.